Kaseti Iliyoandikwa PURE

Jioni ya Alhamisi, siku mbili kabla ya wakwe kufika, tulikusanyika sebuleni kwa kaka yangu Aron ili tuisikilize sauti yake. Sisemi kwamba tulikusanyika kumsikiliza Aron. Aron alikuwa ameketi pale pale penye kiti chake, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, wala hakuwa na sauti tena. Madaktari walikuwa wamekiondoa kikoromeo chake kwa sababu ya uvimbe. Sauti yake ilibaki ndani ya kaseti moja, na kaseti hiyo ilikuwa ndani ya wokmeni ya binti yake mkubwa, Nelvine, ambaye ndiye aliyechumbiwa.

Nelvine alichomoa visikizio vya masikioni, akaunganisha waya na redio kubwa iliyokuwa mezani ili sote tusikie, akabonyeza kitufe.

Ikatoka ngoma. Baada ya ngoma likaja gitaa, na baada ya gitaa kijana fulani akapaza sauti kwa Kiswahili cha vijiweni, akiwahimiza wasichana watikise viuno.

Nelvine alidhani amegeuza upande. Akaitoa kaseti, akaitazama, akaigeuza, akairudisha. Upande wa pili ulikuwa mtupu, unavuma tu kama mvua ya mbali. Akarudia upande wa kwanza, akapeleka mbele, akarudisha nyuma. Kila aliposimamisha, viuno vilikuwa vikitikiswa. Aron alinyanyuka kutoka kitini, akafungua kinywa, na kile kitambaa cha shingoni kikapepea kwa pumzi iliyotokea kwenye tundu lililokuwa chini yake. Hakuna kingine kilichosikika.

Hapo ndipo hasira iliponishika, na sikuionea haya. Iko hasira ya mlevi, na iko hasira ya mtu aliyeona kitu chema kikiharibiwa na uzembe. Yangu ilikuwa hiyo ya pili.

Msomaji na ajue kilichokuwa ndani ya kaseti ile. Kwetu sisi Wakipsigis, siku ya koito, siku ambayo jamaa za kijana huja kukubaliana na jamaa za msichana, baba ndiye huyatamka maneno ya kumbariki bintiye. Haazimi kinywa cha mtu. Aron alipoambiwa kwamba akipasuliwa hatasema tena, alitaka maneno hayo yahifadhiwe kabla ya kwenda hospitali. Mara ya kwanza tulirekodi mvua ikipiga mabati, na ng'ombe akalia katikati ya jambo zito. Tukafuta, tukaanza upya asubuhi iliyotulia. Mara hiyo hakikusikika kitu ila Aron. Nelvine, ambaye amesomea kazi ya uandishi wa ofisini, akaandika juu ya kaseti kwa herufi kubwa neno la Kiingereza, PURE, kwa maana ya kwamba hii ni safi, haina doa. Mimi mwenyewe nilimwagiza avunje yale meno mawili ya plastiki yaliyo mgongoni mwa kaseti, ili mashine yoyote ikatae kurekodi juu yake. Akayavunja mbele yangu.

Wako wazee waliosema haikuwa lazima kuhangaika na mashine. Aron angeweza kupuliza maziwa juu ya mtoto kama walivyofanya babu zetu, na ingetosha. Niliwapinga. Nimelelewa na misheni, nimefundisha shule maisha yangu yote, na ninajua kwamba baraka ni neno. Niliwaambia hivi: maziwa yasiyo na neno ni maziwa tu. Nelvine alikubaliana nami, tena akaapa kwamba hatatoka nyumbani kwao bila neno la baba yake.

Basi nikauliza, "Nani ameishika kaseti hii?"

Wote wakamtazama Fancy, mdogo wake Nelvine, binti anayechuma majani chai na visikizio masikioni hata mwenzake akimwita kwenye mstari wa pili hasikii.

"Mimi sijaharibu, Baba mdogo," akasema. "Mimi nilipeleka zile zangu tu."

"Zako zipi?"

"Mbili. Moja nibadilishane na Sally, moja Okello wa duka ya kaseti aniwekee nyimbo mpya juu. Ile ya zamani, ilikuwa imeanza kulia vibaya."

"Na hii ilifikaje kwa Okello?"

"Ilikuwa kwa mkoba. Mkoba ya wokmeni si ni moja? Sikuitoa."

"Ulimwambia Okello nini?"

"Nilimwachia mkoba, nikamwambia aweke nyimbo kwa ile ya pure."

Nelvine akainua kichwa polepole. "Ulisema ile ya nini?"

"Ya pure. Ile ya pure tu, haina kazi."

"Bure," nikasema. "Sema bure, msichana. B."

"Si ndiyo nasema, Baba mdogo. Pure."

Nimewafundisha watoto wa Belgut kutenganisha b na p hata chaki zikaisha, na nyumbani kwetu wenyewe jambo hilo lilikuwa limeshindikana. Nilipiga sakafu kwa fimbo. Fancy akaanza kulia, nikamwambia machozi hayarudishi sauti. Ndipo Nelvine akanigeukia, naye akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Nilitaka kutoa kopi, Baba mdogo. Mwezi ule ule. Ni wewe ulikataa. Ulisema maneno ya baba hayawezi kuingia kwa duka ya dansi."

"Nami nilisema kweli. Tazama yalipoingia, yametokaje."

"Yameingia bila kopi," akasema, akaifunga redio.

Asubuhi ya Ijumaa nilivaa koti, nikashuka hadi Sosiot. Duka la Okello liko kando ya kinu cha kusaga mahindi, nalo hutetemeka kinu kinapowashwa. Okello si mgeni. Baba yake alikuja kutoka upande wa ziwa akafanya kazi katika kiwanda cha chai, naye mwenyewe alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, huku huku kwetu. Ana mashine yenye vyumba viwili vya kaseti, kimoja cha kutoa na kimoja cha kupokea. Vijana wote wa Belgut humpelekea kaseti kuukuu, wakachagua nyimbo kutoka rafu yake, naye akazihamisha. Kwa ajili ya Jumamosi alikuwa amealikwa alete vipaza sauti vyake, ili wageni walioketi mbali wamsikie Aron.

"Mwalimu, karibu," akasema. "Leo nikutafutie kwaya gani?"

"Nitafutie sauti ya kaka yangu." Nikaiweka kaseti mezani.

Aliitambua papo hapo. "Hii ya Fancy. Niliirekodi juma lililopita. Imekataa kulia?"

"Inalia sana. Ulipoipokea uliona imeandikwa nini?"

"Niliona. Pure."

"Pure ni nini?"

Okello akatabasamu, akidhani namtania. Akavuta sanduku la karatasi kutoka chini ya meza. "Mwalimu, kaseti za kurekodiwa juu zote naweka hapa. Tazama mwenyewe." Akaanza kuzipanga mbele yangu. Moja iliandikwa PURE. Nyingine YA PURE. Nyingine, kwa kalamu nyekundu, PURE KAPISA. "Miaka yote hii ndiyo kazi yangu. Nyinyi munaandika vile munasema. Nikiona pure, najua mwenyewe haitaki."

Watu waliokuwa wakisubiri unga mlangoni wakacheka.

"Nyinyi ni nani?" nikamwuliza.

"Nyinyi wateja, Mwalimu. Sijasema neno mbaya."

"Wewe unayelima samba na kuvaa sati, leo umekuwa mwalimu wa matamshi?"

Wale wa mlangoni wakacheka zaidi, na Okello akakuna kichwa. "Hapo umenipata," akasema. Mimi sikucheka.

"Na meno je? Kaseti hii imevunjwa meno. Mtu hayavunji ila kwa kusema, usiguse."

"Mwalimu, kaseti za nyimbo zinatoka kiwandani bila meno. Karibu zote zinafika hapa hivyo. Natia karatasi kwa tundu, mashine inakubali." Akanionyesha vipande vya karatasi vilivyokunjwa tayari, vimejaa kifuniko cha chupa. Uovu wote ulikuwa umekunjwa vizuri namna ile, kwa subira, kama kazi ya mikono.

"Wala hukuisikiliza kwanza?"

Tabasamu likamtoka. "Niliisikiliza. Mimi sifuti kitu ya mutu bila kusikiliza kidogo. Nilisikia mzee anaita mutu. 'Chepkosgei.' Halafu kimya. Akaita tena, 'Chepkosgei.' Halafu kimya mrefu, mrefu sana. Nikasema, hawa walikuwa wanajaribu mashine. Mutu akijaribu mashine anaita jina ya mutu iko karibu. Nikatoa, nikaweka nyimbo."

Chepkosgei ni Nelvine. Ndilo jina alilopewa alipozaliwa, kabla ya lile la ubatizo, na hakuna aliyelitumia ila baba yake. Nilikuwamo chumbani asubuhi ile. Aron alilitaja jina mara mbili, kisha akageuza uso ukutani, na hatukuizima mashine kwa sababu hakuna aliyethubutu. Baada ya kimya kile ndipo maneno yote yalipofuata: mifugo, watoto, njia isiyo na miiba, mlango usiofungwa. Mtu huyu alikuwa amefika mlangoni pa baraka, akasikia mzee akilia bila sauti, akasema ni jaribio la mashine.

Niliipiga meza kwa fimbo. Sanduku likapinduka, na kaseti zote zisizotakiwa zikatawanyika sakafuni.

Vijana wawili wakaingia kutoka kwenye kinu, unga nyusini. Mmoja akasema kwa Kikipsigis, bila kupunguza sauti, "Mwalimu, wewe sema tu. Hii duka inaweza kufungwa leo, na yeye arudi kwao."

Okello hakujua maneno yote, lakini alijua sauti hiyo. Kila mtu huku kwetu aijua. Miaka minne kabla ya hapo, wakati wa fujo za kikabila, tulikuwa tumeona maduka yakifungwa kwa namna hiyo, upande wa Kipkelion, na moshi wake haukuchagua mwenye kosa. Niligeuka, na nakiri kwamba maneno niliyowaambia vijana wale yalikuwa makali kuliko yote niliyomwambia Okello.

"Hasira hii ni yangu. Sikuja hapa kuwaazimisha. Nani kati yenu alimjua Aron alipokuwa na sauti? Wewe ulimwibia miwa. Tokeni, mkasage mahindi."

Wakatoka. Okello alikuwa amepiga magoti, akiokota kaseti. Nikamwambia, "Kesho usikanyage boma la kaka yangu. Wala wewe wala vipaza sauti vyako."

"Nimesikia, Mwalimu," akasema, bila kuinua uso.

Jumamosi ilikuwa na jua. Wakwe walifika kutoka Silibwet wakiwa wamevaa vizuri, wakaketishwa kwenye nyasi mbele ya nyumba. Mazungumzo yakaenda kama yaendavyo, kwa mzaha na kwa ukali wa kujifanya. Mambo yote yalipokubaliwa, mzee Kipkoech, aliyekuwa mkubwa wetu sote kwa umri, akasimama kutangaza kwamba umefika wakati wa baba kumbariki mtoto. Wakwe wakamtazama Aron. Aron akanitazama mimi.

Nilikuwa ninajua kwa nini. Usiku uliotangulia Nelvine alikuja nyumbani kwangu. "Baba mdogo," alisema, "wewe ulikuwa chumbani. Unayakumbuka yote. Kesho yaseme badala yake, na mimi nitayapokea kama yake." Nilimjibu kwamba nitaona. Ni kweli nilikuwa ninayakumbuka. Mtu aliyefundishwa zamani kukariri husahau uso wa mtu kabla ya kusahau maneno.

Lakini kwetu baraka ina sharti. Mwenye kinyongo haketi inapotolewa, maana pumzi ya mtu aliyekasirika, hata akitamka mema, hugeuka njiani. Sharti hilo misheni haikuliondoa, wala halikustahili kuondolewa. Kipkoech akauliza kama iulizwavyo siku zote, "Je, yuko kati yetu mwenye kitu kifuani?"

Nikasimama. "Niko mimi."

Minong'ono ikapita kwenye nyasi. Kipkoech akasema kwa upole, "Mwalimu, sema kwamba kimekwisha, uendelee."

"Hakijakwisha."

"Baba mdogo," akasema Nelvine. Alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake, amevaa nguo mpya. "Maneno unayakumbuka. Yaseme tu."

"Maneno ninayakumbuka. Kifua ndicho kimekataa. Nikiyasema hivi nitakuwa nimekudanganya mbele ya wakwe, na mbele za Mungu."

Wapo walionilaumu, na wapo wanaonilaumu hadi leo. Wanasema ningemeza. Mimi nasema mtu anayemeza hasira kisha akambariki mtoto amemtemea mtoto hasira hiyo. Nilichukua kofia yangu, nikapita kati ya wageni hadi kwenye lango, nikatoka.

Nje ya ua, juu ya jiwe kubwa kando ya barabara, alikuwa ameketi Okello. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Nilikwambia usikanyage," nikasema.

"Sijakanyaga. Hapa ni barabara ya serikali."

Jiwe lilikuwa moja. Nikaketi upande wa pili, nikampa mgongo.

Kupitia pengo la ua niliona Aron akimwashiria mkewe. Akaletewa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nikajua anachotaka kufanya, na kinywani mwangu likaja lile neno langu kuhusu maziwa, likabaki hapo hapo. Aron akapiga funda, akainama juu ya kichwa cha Nelvine, akajaribu kupuliza kama walivyopuliza babu zetu. Pumzi haikwenda kinywani. Ilitokea shingoni, ikakipeperusha kitambaa, na maziwa yakamteremka kidevuni. Akapiga funda tena. Mara hii Nelvine aliinua mikono miwili, akamshika baba yake mashavu, akajisogeza mwenyewe chini ya kidevu kile. Maziwa yakamdondokea kwenye nywele, kwenye paji la uso, tone baada ya tone. Ndege walikuwa wakilia katika majani chai ya jirani. Kisha watu wote, wetu na wa Silibwet, wakaitikia kwa pamoja, kama ambao wamesikia kila neno.

"Wamesema nini?" akauliza Okello.

"Wamepokea."

"Basi amebarikiwa."

Nilikuwa bado nimekasirika, na ningependa ieleweke hivyo. Nilikuwa nimeikasirikia karatasi iliyokunjwa, na mkoba mmoja, na ulimi wetu usiotenganisha herufi mbili, na Okello aliyeujua ulimi huo vizuri hata akakosea. Hata maziwa niliyakasirikia. Tukaketi hivyo, migongo imegusana.

Hatimaye nikamwuliza, bila kugeuka, "Lile jina. Alilitajaje?"

"Nilikwambia, Mwalimu. Mara mbili."

"Sikuulizi mara ngapi. Nakuuliza namna gani."

Okello akatafuta kumbukumbuni. Huyo mtu amekaa na sauti za watu tangu ujana wake. Zinamwingia na kukaa. Akakohoa kidogo kando, kikohozi ambacho hakikuwa chake, kisha akaita. Alianza juu na kushuka mwishoni, kama mtu aitaye kutoka mteremkoni kumwambia mtoto kwamba kikapu kimejaa, aje. "Chepkosgei."

Ilikuwa sauti ya kaka yangu. Ilikuwa hata na ule uzito wa mwisho.

Akasubiri, kwa urefu ule ule wa kimya cha kwanza. Akaita tena, "Chepkosgei."

Na nyuma yetu, upande wa pili wa ua, Nelvine akaitika. Aliitika upesi kama mtoto, kabla hajajua ni nani amemwita. Kisha akatokeza langoni, kikombe cha mursik mkononi, maziwa yameanza kumkaukia usoni. Akamwona Okello. Akaniona mimi.

Aliniletea kikombe. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama ipasavyo, nikakiweka juu ya jiwe.

"Bado, Baba mdogo?" akauliza.

"Bado."

Hakunibembeleza. Akaketi chini kwenye nyasi za kando ya barabara, na nguo yake mpya, kati yangu na Okello.

"Ita tena," akamwambia.